Muulize Mwalimu: Babu na mfungwa wa Kitaliano

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Babu yetu mzaa baba, Mkamba wa Kitui, alikuwa askari wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza. Kabla ya kupelekwa Burma alilinda wafungwa wa Kitaliano waliokuwa wakichimba barabara kwenye mteremko wa Mai Mahiu. Alizoea kutusimulia habari za mmoja wao, Beppe, waliyekuwa wakiota naye moto usiku wakivuta sigara, na ambaye "alipenda ugali kuliko sisi". Tumebaki na kisanduku cha sigara cha bati, kifuniko kimechorwa mlima kwa ncha ya msumari, na chini yake BEPPE 1942. Picha nimeambatanisha. Sasa tunaandika historia ya ukoo, na baba mdogo hataki kisa hiki kiingie. Anasema ni aibu askari kula na adui. Je, urafiki kama huo uliwezekana kweli? Waliongea lugha gani? Na huyo Beppe anaweza kutafutwa?
Mjukuu wa Askari, Umoja, Nairobi

JIBU: Marahaba, binti yangu. Picha yako nimeikuza mpaka bati likaonyesha kila mkwaruzo. Mlima huo kilele chake kimekatwa, na pembe moja imechomoza juu ya ukingo. Ni Longonot, sina shaka, vile unavyoonekana ukishuka kutoka Limuru. Aliyeuchora aliutazama siku nyingi.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1941 majeshi ya Uingereza, Keya wakiwemo, yaliwashinda Waitalia Somalia na Ethiopia, na maelfu kwa maelfu ya wafungwa wakaletwa Kenya. Hata mkuu wao, Duke wa Aosta, aliletwa. Alifia hapa Nairobi Machi 1942 akiwa mfungwa, na kaburi lake liko Nyeri. Kundi lililopelekwa mteremkoni ndilo lililochonga barabara ya kuteremka Bonde la Ufa, na mwaka huo huo wa 1942 likajenga lile kanisa dogo la mawe kando ya njia. Ukipanda matatu ya Narok unalipita, ingawa abiria wengi wakati huo wanatazama breki za lori lililo mbele.

Sasa fikiria hali yenyewe. Mzungu ameshika sururu, jasho linamtoka. Mwafrika amesimama juu yake na bunduki. Katika Kenya ya kipande, ambako mwanamume Mwafrika hakutoka nje ya kwao bila kile kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, hilo lilikuwa jambo geni kabisa, na wakubwa wa serikali halikuwakalia vizuri. Lakini jua likishazama, nani alikuwa na nani? Afisa Mwingereza hakumwita babu yako mezani kwake. Kitui ni mbali, ni nchi ya joto, na mteremko ule una ukungu na upepo unaokata masikio. Chui walikuwepo, nyati walikuwepo. Beppe naye kwao kulikuwa ng'ambo ya bahari, na barua zilikawia miezi. Wote wawili walikuwa wageni pale. Mimi nashangaa zaidi kwa wale ambao hawakuwa marafiki.

Lugha ilikuwa Kiswahili, kile cha Keya, kisichojali ngeli. Babu yako mwenyewe alijifunzia humo jeshini, kwa hiyo wote wawili walikuwa wanafunzi. Ukitaka kuandika mazungumzo yao katika kitabu cha ukoo, tafadhali usiwape Kiswahili sanifu.

Lakini kilichonifanya nikiamini kisa hiki ni ule ugali. Mtu anayetunga angesema Mtaliano aliulilia mkate. Kaskazini mwa Italia watu hula polenta, unga wa mahindi uliosongwa kwa maji moto, na katika vijiji maskini vya enzi zile ndicho kilikuwa chakula cha kila siku. Beppe aliona chakula cha mama yake kwenye sufuria ya askari. Si ushahidi wa mahakamani, ila ukianza kumtafuta, anzia kaskazini.

Kumpata ni kazi ngumu. Beppe ni kifupi cha Giuseppe, na Italia ina akina Giuseppe wengi kama akina Mutua kule kwenu. Shirika la kimataifa la Msalaba Mwekundu, Geneva, lina kumbukumbu za wafungwa wa vita vile, lakini bila jina la ukoo huna pa kuanzia. Kwa upande wa babu, tafuta karatasi zake za kutolewa jeshini, kisha nenda Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue ukiwa na namba yake ya jeshi. Ukienda na jina tu utazungushwa.

Kuhusu baba mdogo, mpe heshima yake, ila mwonyeshe tarehe. Mkataba wa Geneva wa 1929 ulidai wafungwa watendewe kiutu, kwa hiyo kumgawia mfungwa ugali hakukuvunja mkataba huo. Septemba 1943 Italia ilisalimu amri, na Oktoba mwaka huo huo ikaitangazia Ujerumani vita, ikawa upande wa Waingereza. Wakati huo vikosi vya Afrika Mashariki vilikuwa vimeshavuka bahari hadi Ceylon (Sri Lanka ya leo), na 1944 vikaingia bonde la Kabaw, Burma, kwenye mvua, matope na malaria, kupigana na Wajapani. Kama babu yako alikuwa humo, huyo aliyekula na mfungwa wa Kitaliano ndiye aliyekwenda pia kupigana na Wajapani. Muulize baba mdogo aibu iko wapi hapo.

Jambo moja ninakukataza: msiandike kwamba babu alijenga kanisa. Hukusema hivyo, lakini nazijua historia za koo, zinaota mabawa.

Fungua kisanduku, ukitazame ndani ya kifuniko na chini ya kitako kwenye mwanga wa pembeni. Ukikuta herufi nyingine yoyote au namba, niandikie.