Mabano kwanza, kinyota baadaye
Mwalimu, umesema wanafunzi wako wanabandika swali zima la utafiti kwenye kisanduku cha utafutaji cha PubMed, hifadhidata ya makala za tiba, kisha wanapata ama maelfu ya makala ama sifuri. Usianzie kwenye kompyuta. Wape karatasi, walivunje swali katika dhana 2 au 3, na chini ya kila dhana waandike visawe vyake. Visawe huunganishwa kwa OR (au), dhana kwa AND (na).

Wengi huteleza kwenye mabano. PubMed husoma kutoka kushoto kwenda kulia, kwa hiyo malaria AND pregnancy OR children bila mabano huleta kila kitu kuhusu watoto, hata kisichogusa malaria. Yazungushie mabano yale maneno mawili ya mwisho na idadi itaporomoka palepale. Waonyeshe matokeo yote mawili kwenye skrini, hilo hawalisahau.

Kinyota, kama child*, huleta children na childhood pia, ila kwenye PubMed huzima ule ulinganishaji wa moja kwa moja na istilahi za MeSH (maneno sanifu yanayotumika kuainisha makala), na Google Scholar, injini ya Google ya kutafuta makala za kitaaluma, haikitambui. NOT, inayoondoa makala zenye neno fulani, waiache kwanza, hufuta hata makala nzuri. Wakipata makala moja inayofaa, wafungue istilahi zake za MeSH na kuziongeza kwenye utafutaji.