Uzamili Ujerumani: hesabu tarehe ukianzia mwisho

Swali la kwanza la karibu kila anayetaka kwenda kusoma Ujerumani ni ada. Jibu lake ni fupi: vyuo vikuu vingi vya umma havitozi ada ya masomo, hata kwa mgeni. Unalipa mchango wa muhula, mara nyingi kati ya euro 100 na 400, na katika vyuo vingi ndani yake mna tiketi ya mabasi na treni. Jimbo la Baden-Württemberg ni tofauti: tangu 2017 wanafunzi wasiotoka Umoja wa Ulaya hulipa euro 1,500 kila muhula. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich nacho kimeanza kuwatoza wageni kuanzia muhula wa baridi wa 2024/25. Kwingineko, waombaji wetu hawakwami kwenye ada. Wanakwama kwenye tarehe, kwa sababu kila karatasi inasubiri karatasi nyingine, na moja ikichelewa zote zinachelewa.

Kwa hiyo anza kuhesabu kutoka mwisho. Muhula wa baridi unaanza Oktoba. Viza ya mwanafunzi ni viza ya kitaifa, ada yake euro 75; itengee miezi mitatu tangu siku ya miadi ubalozini, na miadi yenyewe ina foleni. Maana yake hadi Juni uwe na barua ya udahili mkononi. Tarehe 15 Julai ambayo watu huitaja sana kuwa mwisho wa maombi ni ya kozi za kawaida. Kozi nyingi za uzamili zinazofundishwa kwa Kiingereza hufunga mapema zaidi, nyingine Machi, nyingine hata Januari. Rudi nyuma tena kutoka hapo, utaona kwamba mtihani wa Kiingereza, transkripti na barua za walimu ni kazi za Oktoba hadi Desemba ya mwaka uliotangulia. Na usifikirie kuingia kwa viza ya utalii ili uibadilishe ukifika. Kwa Mtanzania au Mkenya haibadilishwi. Utalazimika kurudi kuombea nyumbani.

Kabla ya yote, tandaza vyeti vyako mezani usome majina, herufi kwa herufi. Hapa ndipo watu wa kwetu wanapoumia bila kujua. Cheti cha kidato cha nne kimeandikwa Neema J. Mushi, transkripti inasema Neema John, pasipoti inasema Neema John Mushi. Nyumbani kila mtu anaelewa kuwa ni yule yule. Karani wa Ujerumani anaona watu watatu. Apa mbele ya wakili, upate hati ya kiapo inayotaja majina yote matatu na kusema ni ya mtu mmoja. Kama jina lenyewe limebadilika, fanya hati ya kubadili jina na uisajili. Fanya hivyo kabla ya kuomba chuo, kisha kila fomu unayojaza ifuate pasipoti.

Kuhusu alama, Ujerumani 1.0 ndiyo bora na 4.0 ndiyo ya kufaulia. Kozi nyingi za uzamili huweka mstari kwenye 2.5; namba ikizidi hapo, hupokelewi. Vyuo vingi hubadilisha alama za nje hivi: chukua alama ya juu kabisa ya kwenu, toa alama yako, gawanya kwa tofauti kati ya alama ya juu na ya kufaulia, zidisha kwa 3, kisha jumlisha 1. Kwa GPA ya Tanzania, ambayo juu ni 5 na kufaulu ni 2, hesabu inakuwa nyepesi: toa GPA yako kwenye 6. Mwenye 3.8 anapata 2.2. Mwenye 3.5 anasimama kwenye mstari wenyewe, 2.5. Mwenye 3.3 anapata 2.7, na asipoteze pesa kwa kozi zenye mstari huo. Kwa wanaohesabiwa kwa asilimia, juu 100 na kufaulu 40, asilimia 65 inageuka 2.75, ingawa Kenya hiyo ni daraja la pili la juu linaloheshimika. Ndiyo maana ukurasa wa nyuma wa transkripti, ule unaoeleza madaraja, usiuache bila kuuskani.

Vyuo vingi hupokea maombi kupitia uni-assist, shirika linalokagua vyeti vya nje kwa niaba yao. Ombi la kwanza ni euro 75, kila la ziada katika muhula huo ni euro 30. Bila malipo kufika, ombi haliguswi. Uchunguzi huchukua wiki nne hadi sita, kwa hiyo tuma wiki nane kabla ya tarehe ya mwisho; ukiambiwa kuna hati imepungua, bado una muda wa kuileta.

Sasa pesa ya kujikimu. Ubalozi unataka uthibitisho kwamba utaishi mwaka mzima, na njia ya kawaida ni akaunti iliyofungwa, Sperrkonto. Tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 11,904, yaani 992 kwa kila mwezi. Hupandishwa mara kwa mara, basi kiangalie kwenye tovuti ya ubalozi wiki unayotuma. Kosa linalojirudia ni la benki. Mtu anatuma 11,904 kamili, zinafika 11,879, kwa kuwa benki ya katikati imekata 25 njiani. Hati ya uthibitisho haitoki hadi kiasi kitimie, na kutuma hizo 25 kunadai muamala mwingine na wiki nyingine. Mwambie karani wa benki kwamba makato yote yawe juu ya mtumaji, kisha ongeza kama euro 100 juu; zinabaki zako. Nenda na barua ya udahili, benki itaiuliza.

Pesa hiyo haifunguki siku unayotua. Inataka akaunti ya kawaida ya benki, na mara nyingi uthibitisho wa anwani. Beba ya miezi miwili nje yake: pango, amana ya chumba (sheria inaruhusu hadi pango la miezi mitatu bila gharama za maji na joto), chakula, godoro. Na anayekuahidi kukukopesha pesa ya Sperrkonto ili aichukue ukishapata viza, mkatae. Kibali cha kuishi kikiisha utaombwa kuonyesha pesa tena, na safari hiyo hutakuwa nazo.

Bima ya afya itazame kwa makini kama umekaribia miaka 30. Bima ya umma kwa bei ya mwanafunzi, karibu euro 150 kwa mwezi, ni ya walio chini ya umri huo. Ukiwa chini ya 30 na ukasaini bima binafsi kwa sababu ni rahisi, unaandikiwa msamaha wa bima ya umma, na msamaha huo unakushika kipindi chote cha masomo.

Chumba kiombe siku ile ile unayopata udahili, kwa Studierendenwerk ya mji wako, shirika linaloendesha mabweni ya wanafunzi, maana foleni ni ya miezi. Mwenye nyumba anayesema yuko nje ya nchi na atakutumia funguo ukishalipa ni tapeli, hata akikutumia picha ya kitambulisho. Chumba unachokipata lazima kikupe hati ya mwenye nyumba inayothibitisha kuwa umehamia. Bila hiyo huwezi kusajili anwani, na usajili unatakiwa ndani ya wiki mbili. Bila anwani hupati namba ya kodi kwa ajili ya kazi, na miadi ya kibali cha kuishi inasuasua.

Kazi unaruhusiwa: siku 140 nzima au 280 nusu kwa mwaka, au hadi saa 20 kwa wiki muhula ukiendelea. Kujiajiri hakumo. Kazi ya kusambaza chakula inayokuita mkandarasi badala ya mwajiriwa inaweza kukuharibia kibali.

La mwisho ni mitihani, na hili wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Katika masomo mengi hakuna anayehesabu mahudhurio, hakuna majaribio ya kila wiki, na kukaa darasani muhula mzima hakukuandikishi mtihani. Unajisajili mwenyewe kwenye mfumo wa chuo, ndani ya dirisha la wiki chache, mara nyingi muda mrefu kabla ya mtihani. Likipita, unangoja muhula ujao. Ukijisajili usipotokea, umefeli, isipokuwa umejiondoa kwa wakati au umepeleka cheti cha daktari ndani ya siku chache. Nyumbani tumezoea kusapu, yaani kurudia mtihani, na kukeri, yaani kubeba somo hadi mwaka unaofuata. Huko nafasi kwa kawaida ni tatu kwa kila somo. Ukifeli ya mwisho kwenye somo la lazima, umedisko, yaani umeondolewa masomoni, na kwa kawaida kozi hiyo hiyo huwezi kuisoma chuo kingine chochote cha Ujerumani. Wiki ya kwanza tafuta kanuni za mitihani za kozi yako, ile PDF ndefu ya Kijerumani, itafsiri hata kwa mashine, na uandike ukutani tarehe ya kujisajili, tarehe ya kujiondoa, na idadi ya nafasi. Kila ukijisajili, piga picha ya skrini inayoonyesha jina la somo na saa, uihifadhi hadi matokeo yatoke.