Mabalozi wa Shirika Lisilo na Nchi

Swali: Shirika la Malta, lile la kitawa la Kikatoliki, halina ardhi ya kutawala. Linawezaje basi kuwa na mabalozi?

Jibu: Uhusiano wa kibalozi hutokana na kutambuliana, na zaidi ya mataifa 100 yanalitambua shirika hili kuwa huru, ingawa Napoleon alilipokonya kisiwa cha Malta mwaka 1798. Makao yake yako Roma, katika jumba la Via Condotti ambalo Italia inalitambua kuwa na kinga kama ya ubalozi, na pasipoti zake hupewa wachache tu, hasa viongozi na wanadiplomasia wake. Katika Umoja wa Mataifa ni mwangalizi tangu 1994, bila kura. Faida kubwa, kwa maoni yetu, ni ya kitabibu: balozi huweza kuomba serikalini moja kwa moja ruhusa ya kuingiza dawa na madaktari.