Maswali na Majibu: Mwimbaji na daftari la saini

Juma lililopita nilimtaja hapa Youssou N'Dour, mwimbaji wa Senegal aliyeutaka urais mwaka 2012, na tangu siku hiyo simu yangu haijatulia. Nimechagua maswali matano.

Ami, salaam aleikum. Mtu nyota, redio na televisheni zake mwenyewe, alikosaje hata kuingia kwenye karatasi ya kura? (Msomaji, Langoni, Amu, yaani Lamu)

Aleikum salaam, mwanangu. Saini ndizo zilizomkwamisha. Mgombea asiye na chama alitakiwa alete saini 10,000 za wapiga kura. Alipeleka zaidi ya 12,000, lakini Januari 27 Baraza la Katiba likasema zilizotambulika hazikutosha. Mwenyewe alilia kwamba amechezewa, na alikuwa na sababu ya kushuku: baraza hilohilo lilimruhusu Rais Abdoulaye Wade kugombea muhula wa tatu, Dakar ikachafuka.

Hata hivyo mimi sikustaajabu sana, maana madaftari hayo nayajua. Zamani kidogo nilimsaidia jamaa yangu aliyegombea ubunge bila chama. Katiba yetu ya Kenya yataka saini za wapiga kura 1,000 wa eneobunge lenyewe. Tulizunguka Mkomani, Shela, Matondoni, tukavuka hadi Mokowe. Kila baraza watu watia saini kwa bashasha, kahawa yamiminwa. Usiku twakagua: huyu amejiandikisha Mombasa, yule nambari ya kitambulisho imepungua tarakimu moja, mwingine kaandika "Baba Aisha", basi. Ukurasa mmoja ulirushiwa maji ya chumvi mashuani, wino ukawa kama buluu ya kufulia. Saini 40 zilikwenda hivyo.

Kama hakupigiwa kura, uwaziri aliupata wapi? (Msomaji, Malindi mjini)

Kwa Macky Sall, mpinzani wa Wade katika uchaguzi huo. N'Dour aliingia barabarani na waandamanaji, akaumia mguu mwezi wa Februari, na kwenye duru ya pili akamuunga mkono Sall. Machi 25 Wade akaangushwa. Sall alipata kama asilimia 65. Aprili mwimbaji akapewa utamaduni na utalii. Oktoba utamaduni ukaondolewa mikononi mwake, akabaki na utalii na burudani. Septemba 2013 akatoka serikalini, akawa mshauri wa rais mwenye hadhi ya waziri. Kwangu mimi, kazi yake kubwa ya siasa ni ile miezi mitatu ambayo hakuwa na cheo chochote.

Barazani wasema aliimba kama kasida, watu wake wakamnunia. Ni kweli? (Mama wa watoto wanne, Shela)

Kweli, dada yangu. Mwaka 2004 alitoa albamu iitwayo Egypt, akishirikiana na wanamuziki wa Misri, akiwasifu mashekhe wa tarika, yaani njia za kisufi, za Senegal. Kusifu hakukuwa kugeni kwake: upande wa mama yake ni ukoo wa wale waimbao nasaba na sifa za watu, kazi ya kurithi. Lakini wako walioona ni utovu wa adabu, mtu wa kuchezesha watu usiku kuwataja mawalii. Mwaka 2005 albamu ikashinda Grammy, na nyuso nyingi zikakunjuka. Sisi Amu tusiwacheke. Habib Swaleh, shekhe aliyeanzisha msikiti wa Riyadha hapa kwetu, alipoingiza matari kwenye maulidi, wakubwa wa mji walimkunjia uso vivyo hivyo, na leo maulidi ya Riyadha ndiyo yajazayo mji wageni.

Hakusoma chuo kikuu. Yafaa kweli mtu kama huyo kuutaka urais? (Mwanafunzi, Malindi)

Alipoulizwa alikiri, akasema urais ni wadhifa, si kazi ya kusomea. Jibu tamu jukwaani. Mimi ningemuuliza nani atamsomea bajeti, lakini swali hilo ningewauliza wenye shahada pia.

Je, muziki aliacha? Nauliza kwa sababu naimba harusini, na nataka udiwani 2027 bila chama. (Kijana, Matondoni)

Alisema ataacha kuanzia Januari 2, 2012. Hakuweza. Agosti 2013, angali waziri, alikwenda Stockholm kupokea Tuzo ya Muziki ya Polar, tuzo kubwa ya Uswidi, na mwaka 2019 akatoa albamu nyingine.

Wewe wahitaji saini 500 za wapiga kura wa wadi yako. Tafuta 800. Na ununue daftari lenye jalada la plastiki.