Maswali ya Wasomaji: Filamu za Vichekesho Zilivyoigizwa Redioni

SWALI: Ndugu Mhariri, nimekuwa nikisikiliza michezo ya zamani ya redio ya Marekani iliyotokana na filamu za vichekesho. Mara kwa mara ukumbi mzima huangua kicheko ilhali mimi sijasikia neno lolote la kuchekesha. Je, kicheko hicho kiliongezwa baadaye?

JIBU: Ndugu msomaji, hakikuongezwa. Kipindi mashuhuri cha aina hiyo, Lux Radio Theatre, kilichoanza mwaka 1934 na kuhamia Hollywood mwaka 1936, kilirushwa moja kwa moja mbele ya watu waliowatazama waigizaji wakiwa wamesimama kwenye maikrofoni, karatasi za mchezo mkononi. Mwigizaji alipomkodolea mwenzake macho, waliokuwapo walicheka, na msikilizaji wa nyumbani akapata kicheko bila kuona chanzo chake.

Ugumu wa kazi yenyewe ulikuwa papo hapo. Chukua It Happened One Night, filamu ya Frank Capra ya mwaka 1934, ambayo Clark Gable na Claudette Colbert waliiigiza tena katika kipindi hicho mwaka 1939. Filamu ya dakika 105 ilipaswa kuenea ndani ya saa moja, pamoja na matangazo ya sabuni. Katika filamu, Gable anajigamba kwamba anajua kusimamisha gari kwa kidole gumba. Magari yanampita moja baada ya jingine. Kisha Colbert anapandisha sketi kidogo, na gari linalofuata linafunga breki. Utamu wote ni wa macho. Redio haina mguu wa kuonyesha: ina mlio wa breki, ukimya wa sekunde moja, na sentensi ambayo mwandishi humtungia mhusika ili msikilizaji aelewe kilichotokea bila kuhisi kwamba anasimuliwa. Sentensi hiyo ikirefuka kidogo tu, kicheko kimekufa.

Kwa maoni yangu, ndiyo maana vichekesho vya majibizano vilihamia redioni vizuri kuliko vya kuanguka na kufukuzana, ingawa navyo vina mtego wake. Katika His Girl Friday ya Howard Hawks, ya mwaka 1940, wahusika hukatana kauli na kusema kwa pamoja. Kwenye skrini tunafuata midomo yao, lakini redioni sauti mbili zinazokaribiana hugeuka kelele.

Nakushauri uusikilize mchezo wa mwaka 1939 kwanza, kisha uitazame filamu jioni hiyohiyo, ukiwa umeandika pembeni kila mahali ulipoachwa na kicheko cha ukumbi.