Kumuuguza Anayefunga Choo: Mambo Niliyochelewa Kuyajua

Nimemuuguza mama yangu mzazi kwa miaka sita sasa. Ana ugonjwa wa Parkinson, ule wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukakamaa kwa mwili, na katika mwaka wa nne alianguka akavunjika nyonga. Kumpa dawa kwa saa zake, kumgeuza kitandani na kumshika asianguke tena ni mambo niliyofundishwa na wauguzi kabla hatujaruhusiwa kurudi nyumbani. Suala la choo halikutajwa kabisa, na ndilo lililonitoa jasho kuliko mengine yote. Ninamwandikia anayeanza kumuuguza mzazi, mwenzi au ndugu mwenye maradhi ya kudumu, na ninaomba aniwie radhi kwa kuyataja mambo waziwazi, kwa sababu kuona haya ndiko kulikotuponza sisi.

Nianze na kosa langu. Baada ya upasuaji wa nyonga mama alipewa tramadoli kwa ajili ya maumivu. Siku za kwanza hakupata choo, nami sikushangaa, kwa kuwa alikuwa akila vijiko vichache tu. Siku ya tisa asubuhi nilikuta shuka limelowa uchafu mwepesi wa rangi ya kahawia, nikashukuru kwamba hatimaye tumbo limefunguka. Uchafu huo ukaendelea kumtoka kidogo kidogo mchana na usiku bila mwenyewe kuhisi, nikaamua kwamba sasa anahara, nikampa dawa ya kuzuia kuhara niliyokuwa nayo kabatini. Siku mbili baadaye tumbo lilikuwa limejaa na kukaza, chakula alikikataa, mkojo ulitoka kwa matone, na jioni alianza kuniita kwa jina la marehemu dada yake. Muuguzi aliyekuja kusafisha kidonda ndiye aliyegundua. Aliweka kiganja upande wa kushoto wa tumbo, chini ya kitovu, akabonyeza polepole, kisha akaushika mkono wangu na kuuweka palepale. Chini ya ngozi kulikuwa na kitu kirefu chenye mafundo, kigumu kama kamba nene iliyosokotwa. "Huyu haharishi," aliniambia. "Amefunga, na hicho unachokifua kwenye mashuka kinapita pembeni."

Ndivyo inavyokuwa. Utumbo mpana kazi yake mojawapo ni kufyonza maji kutoka kwenye mabaki ya chakula, na kadiri mabaki hayo yanavyokaa ndani ndivyo yanavyozidi kukauka, hata yakafanya donge lisiloweza kupita. Uchafu mwepesi ulio juu ya donge hutafuta upenyo pembeni mwake na kuvuja. Dawa ya kuzuia kuhara huupunguza mwendo wa utumbo, kwa hiyo nilikuwa ninalikaza fundo ambalo nilipaswa kulifungua. Ikiwa mgonjwa wako amekaa siku kadhaa bila choo, kisha ukaona majimaji yanamvuja, usimpe chochote cha kuzuia kuhara kabla hajapimwa na mtu anayejua. Donge lenyewe likibonyeza kibofu, mkojo nao hugoma, na kwa mzee hali hiyo peke yake inaweza kumvuruga akili kiasi cha watu wa nyumbani kudhani amepata ugonjwa mpya.

Jambo la pili, na kwangu hili ndilo kubwa, ni kwamba mgonjwa hatakwambia. Nilikuwa nikimuuliza mama kila asubuhi kama amepata choo, naye akijibu kwamba amepata, nami nikaridhika. Baadaye alikiri kwamba alikuwa akijibu hivyo ili nisihangaike. Wengine husahau, wengine hubana kwa makusudi kwa sababu kujisaidia kunawauma au kwa sababu hawataki kuinuliwa na mtoto wao wa kumzaa, na mwenye ugonjwa wa kusahau huonyesha tu hasira na kuhangaika huku na huku. Jukumu la kujua ni la anayeuguza. Usiulize swali la ndiyo au hapana, andika unachokiona.

Mimi ninatumia daftari la shule. Kila siku ina mstari wake: saa aliyopata choo, kilivyokuwa, wingi wake, kama alijikamua, na dawa aliyopewa. Siku isiyo na choo nayo huandikwa, kwa alama ya sifuri, maana nafasi tupu haisemi kama hakupata au kama mimi ndiye niliyesahau. Kuhusu umbo, madaktari wengi hutumia chati ya Bristol iliyochapishwa mwaka 1997, ambayo hupanga choo katika aina 7. Ya kwanza ni vidonge vigumu vilivyoachana, kama mavi ya mbuzi. Ya pili ni kigogo chenye mafundo. Ya tatu na ya nne ndizo tunazozitafuta, choo chenye umbo kinachotoka bila shida. Kuanzia hapo kinazidi kuwa laini hadi aina ya saba ambayo ni maji matupu. Ukimwambia daktari kwamba mgonjwa amepata aina ya kwanza mara 2 kwa wiki, ameelewa zaidi kuliko ukimwambia kwamba "tumbo halimkai vizuri". Kwa watu wazima, kupata choo popote kati ya mara 3 kwa siku na mara 3 kwa wiki huhesabiwa kuwa kawaida, kwa hiyo mlinganishe mgonjwa na mazoea yake mwenyewe, usimlinganishe na yako. Wapo pia wanaochanganya kufunga choo na kuvimbiwa. Anayevimbiwa baada ya kula anaweza kuwa anapata choo kila siku bila taabu yoyote.

Kwa nini wagonjwa hawa hufunga choo kuliko watu wengine? Sababu huwa nyingi kwa wakati mmoja. Kulala muda mrefu, kula kidogo na kunywa kidogo zinajulikana. Ugonjwa wenyewe mara nyingi una mkono wake: Parkinson, kisukari cha muda mrefu, upungufu wa homoni za tezi ya shingo, kiharusi na majeraha ya uti wa mgongo, yote yanaweza kuugusa mwendo wa utumbo. Kwa wenye Parkinson, choo huweza kuanza kuwa kigumu miaka mingi kabla mikono haijaanza kutetemeka. Tena levodopa, dawa kuu ya Parkinson, hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba, na njia yote ya chakula inapozubaa dawa huchelewa kufika. Mimi huziona siku mbaya za mama za kuganda miguu katikati ya mlango zikifuatana na sifuri za kwenye daftari.

Kisha zipo dawa, na hapa ninaomba usome taratibu. Mofini, kodeini, tramadoli na jamaa zake hupunguza mwendo wa utumbo kwa kila anayezitumia. Usingizi na kichefuchefu vinavyoletwa na dawa hizi hupungua mwili unapozizoea, lakini utumbo hauzizoei. Ndiyo maana dawa ya kulainisha choo inapaswa kuanza siku ileile dawa ya maumivu inapoanza, bila kusubiri mgonjwa afunge, na iendelee kwa muda wote anaotumia dawa hiyo. Ukipewa mofini bila dawa ya choo, uliza kabla hujaondoka dirishani. Vidonge vya madini ya chuma, vya kalsiamu, amitriptilini ya sonona na maumivu ya neva, verapamili ya shinikizo la damu, ondansetroni ya kuzuia kutapika, dawa za kutuliza kibofu, na zile za kiungulia zenye alumini, zote zinaweza kuchangia. Usiziache kwa uamuzi wako. Mpelekee mfamasia orodha nzima, pamoja na zile zinazonunuliwa bila cheti, umuulize ni ipi inayoweza kubadilishwa.

Kila atakayekutembelea atakushauri maji mengi na matunda. Kwa mtu mzima mwenye afya ushauri huo ni mzuri, lakini mgonjwa wako anaweza kuwa na masharti mengine. Mwenye moyo ulioshindwa au figo zilizochoka huenda amewekewa kipimo cha maji kwa siku, na matunda na mboga nyingi zina potasiamu ambayo figo hizo haziwezi kuitoa. Kabla hujamwongezea, uliza. Nyuzinyuzi za vyakula huongezwa polepole na pamoja na maji, la sivyo hujaza tumbo hewa tu. Unga wa isapgoli na nyuzinyuzi nyingine za kununua usimpe mtu asiyekunywa maji ya kutosha wala anayetumia mofini, kwa sababu huongeza mzigo ndani ya utumbo usiokwenda, na mzigo huo unaweza kukwama.

Jambo lililotusaidia sana halikuwa na gharama. Utumbo mpana huamka baada ya chakula, hasa kile cha asubuhi, kwa hiyo ninamkalisha mama chooni dakika 20 hadi 30 baada ya kifungua kinywa, awe anahisi haja au la. Ninaweka kigoda kifupi chini ya nyayo zake ili magoti yapande juu kidogo ya nyonga, anainama mbele na kuegemeza viwiko mapajani. Mkao huo hunyoosha njia ya haja kubwa, na nguvu ndogo inatosha. (Kwa nyonga iliyotoka kufanyiwa upasuaji, usifanye hivi kabla ya kumuuliza anayemfanyisha mazoezi, sisi tulisubiri hadi tuliporuhusiwa.) Hakai zaidi ya dakika 10, kitu kipatikane au kisipatikane. Nami hutoka nje, nikarudisha mlango, nikasimama mahali anaponisikia. Miezi ya kwanza nilikuwa nikisimama mbele yake na kumhimiza, na sijui nilitarajia nini; hakuna mtu anayeweza kujisaidia huku akitazamwa usoni. Beseni la kitandani ni la asiyeweza kuinuka kabisa, kwa sababu kusukuma ukiwa umelala chali ni kazi ngumu hata kwa mzima.

Dawa za choo ni za aina tofauti, na kuzichukulia kuwa kitu kimoja ndiko kunakowafanya watu wazidishe dozi. Laktulosi na makrogoli huvuta maji ndani ya utumbo. Laktulosi huweza kuchukua siku 2 kabla haijaonyesha kazi, na mwanzoni huleta gesi. Sena na vidonge vya bisakodili huusukuma utumbo, na huchukua kati ya saa 6 na 12, ndiyo maana hutolewa usiku ili kazi ionekane asubuhi. Kidonge cha bisakodili kisisagwe wala kisimezwe na maziwa, kwa kuwa ganda lake limekusudiwa kuyeyukia mbele, kwenye utumbo. Dawa ya kuingiza kwenye njia ya haja kubwa hufanya kazi ndani ya saa 1 au pungufu, kwa hiyo usimpe kabla hujahakikisha nani atamwinua na choo kiko wazi. Mwenye ugonjwa wa figo asipewe dawa zenye magnesiamu wala enema (dawa ya maji inayoingizwa kwenye njia ya haja kubwa) za fosfeti bila daktari kuagiza. Enema ya maji ya sabuni achana nayo, kwa sababu huunguza ngozi laini ya ndani. Mwenye ini lililoharibika anaweza kuwa anapewa laktulosi kwa sababu nyingine kabisa, ya kuzuia sumu zisipande kichwani, na kwake choo laini mara 2 au 3 kwa siku ndicho kilichokusudiwa. Usimpunguzie ukidhani anahara.

Choo kikirudi kuwa kizuri, usiache dawa siku hiyohiyo. Nilifanya hivyo mara 2, na mara zote 2 tulirudi tulikotoka ndani ya wiki. Punguza kwa makubaliano na aliyeiandika.

Kwetu tumeweka kanuni kwamba sifuri 2 zikifuatana ninaongeza dawa kwa kiwango tulichoelekezwa, na ya 3 ninampigia muuguzi simu. Yapo yasiyosubiri hesabu hiyo: kutapika pamoja na tumbo lililojaa, kushindwa hata kutoa hewa, maumivu makali, damu, homa, mkojo kuziba, au akili kuvurugika ghafla. Hapo mpeleke hospitali, na usimpe dawa ya kusukuma utumbo, kwa sababu utumbo ulioziba ukisukumwa unaweza kupasuka. Mwenye jeraha la uti wa mgongo sehemu ya juu akianza kuumwa kichwa vikali na kutokwa jasho huku amefunga choo, mketishe wima na uite msaada wakati huohuo. Shinikizo la damu yake linaweza kuwa limepanda kwa hatari.

Kila mwisho wa mwezi dada yangu huja kunipokea kwa siku 4. Zamani nilikuwa nikimwachia maelezo ya vidonge na namba za simu. Siku hizi humkalisha kwanza mezani, tukafungua daftari, tukasoma pamoja siku 7 zilizopita, akaniambia mwenyewe usiku huo mama anapaswa kupewa nini, ndipo nikachukua mkoba wangu.