Uuguzi ukiwa na miaka 41: hesabu umri kwanza, ada baadaye

Dada wa Mafinga, umeuliza kama mtu wa miaka 41 mwenye duka na watoto wawili sekondari anaweza kuanza kusomea uuguzi, au ndiyo basi tena. Waliotangulia kukujibu wamekutia moyo, na wamefanya vizuri. Mimi nakuletea tarehe, kwa sababu tarehe ndizo zilizoninyima usingizi.

Nilikuwa dereva wa lori, Dar hadi Tunduma, miaka 14. Leo ni muuguzi wa zahanati huku Rungwe. Nilianza safari hii nikiwa na 38.

Matangazo ya ajira za serikali kwa kawaida yanataka mwombaji asizidi miaka 45. Stashahada ya uuguzi na ukunga ni miaka 3. Ukimaliza hujawa muuguzi bado, kuna mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, halafu unasubiri usajili. Ukiingia chuo na 41 unatoka na 44, na leseni ikifika mkononi 45 inabisha hodi. Mimi niliitwa serikalini 2022, ikiwa imebaki miezi 5 tu. Sikulala wiki ile.

Kwa hiyo panga maisha yako kama vile serikali haipo, ikija ni neema. Kwetu huku hospitali za makanisa zipo: Ilembula, Ikonda, Tosamaganga, Mbozi. Nami nilianzia kwenye hospitali ya misheni, na hawakuniuliza nimezaliwa lini. Waliuliza leseni, na kama naweza kuingia zamu ya usiku. Mtu aliyepanda mlima Kitonga saa nane za usiku na mzigo wa tani 30 unamuuliza habari ya usiku?

Sasa vyeti. Chuo kinataka angalau D nne za kidato cha nne, zikiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia, na somo la dini halihesabiwi. Mimi Fizikia nilikuwa na F ya 1996. Nilirisiti nikisomea ndani ya kichwa cha lori, kwenye foleni ya Tunduma, siku tatu hujasogea. Foleni ile nimeilalamikia miaka yote, lakini mwaka ule ndiyo iliyonipa D. Praktiko nililipia mwalimu wa maabara, kila Jumamosi niliyokuwa nyumbani. Hilo usilipuuze, maana nadharia utaikariri mwenyewe, lakini saketi ya umeme lazima uishike kwa mkono.

Ada tulilipa kwa awamu, kwa viazi vya mke wangu vya Uyole. Msimu mmoja bei ilianguka, nikazuiwa mlangoni siku ya mtihani mbele ya vijana wanaoniita baba. Iliniuma sana. Tangu siku hiyo tuliweka pesa ya muhula mzima kabla ya kugusa mbegu.

Darasani, hesabu hazikunisumbua. Dripu ya lita moja iende saa 8, seti (mpira wa dripu) ya matone 20 kwa mililita: 1000 mara 20, gawanya kwa dakika 480, ni matone kama 42 kwa dakika. Aliyezoea kukokotoa dizeli hashindwi hapo, wala mwenye duka. Kilichonitesa ni majina ya dawa. Niliyaandika kwenye manila nikabandika juu ya kitanda, na bado niliyasahau, nikayaandika tena.

Lakini nataka nikuambie la usiku mmoja, maana umeandika unaogopa kuonekana mzee wodini. Aliletwa binti kwa bodaboda, uchungu umeshika. Ninamwangalia, ni mke wa mtoto wa kaka yangu, yaani mwanangu. Sisi Wanyakyusa mtu na mke wa mwanawe huepukana, hata njiani mmoja hupisha. Naye aliponiona alijifunika kanga uso mzima. Nilimpigia mwenzangu wa kike, anakaa karibu, aje mbio. Kumwacha binti peke yake nisingeweza, basi nikamweka mama yake kichwani pake, kila neno nikampitishia mama. Nilisikiliza mapigo ya moyo ya mtoto tumboni: 132 kwa dakika, na kawaida ni 110 hadi 160. Nikaandaa vifaa, nikavuta oksitosini uniti 10, sindano ya kuzuia damu kuvuja sana baada ya kujifungua. Mwenzangu aliingia kichwa kikionekana. Mtoto alipotoka, akamchoma binti sindano ile ndani ya dakika ya kwanza, damu ikawa ya kawaida. Kanga haikutoka usoni, na mimi sikuomba itoke.

Nikiwa na umri wa miaka 22 nisingejua kufanya vile. Ningekuwa na haraka, au ningekimbia.

Basi leo hii toa cheti chako cha kidato cha nne. Kama Fizikia, Kemia na Baiolojia zote ni D kwenda juu, na somo la nne lipo, omba kwenye udahili unaofuata, na kabla ya kulipa hata shilingi hakikisha chuo kimesajiliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo hivi. Kama moja ina F, jisajili kurisiti, na serikali iondoe kabisa kwenye hesabu zako. Duka usilifunge. Mwachie mtu unayemwamini, uwe unakagua daftari kila Jumapili, kwa sababu chuo hakikulipi, na wanao wawili watadaiwa ada muhula uleule unaodaiwa wewe.